Samaki Wawili wa Ingabire

Ingabire alipoondoka kwenda kufundisha hisabati Bulawayo, kule Zimbabwe, alimwachia mumewe karatasi tatu zilizoandikwa pande zote mbili. Nusu ukurasa tu ndio uliohusu nyumba. Zilizobaki zote zilihusu samaki.

Onésphore alizibandika ukutani, juu ya tangi la kioo lililokuwa sebuleni. Nyumba yao iko kwenye mtaa unaopanda kutoka soko la Gisenyi, na ukisimama uani unaona kipande cha ziwa kati ya mapaa mawili. Maji ya Kivu hayana chumvi, na samaki wa Ingabire walikuwa wa baharini. Kwa hiyo kila Jumamosi Onésphore alikoroga chumvi ya paketi kwenye ndoo, akapima, akaongeza kidogo, akapima tena, kisha akabadilisha sehemu ya maji ya tangi polepole kwa kikombe, kama karatasi ilivyosema.

Yeye hakuwahi kuiona bahari. Alizaliwa Masisi, kule Kongo, akakulia Goma, akavuka mpaka kuja Gisenyi na wazazi wake akiwa kijana. Ingabire alizaliwa Tanga, baba yake akiwa karani bandarini, na familia ilirudi Rwanda yeye akiwa na miaka kumi na minne. Walikutana kwenye harusi huko Kanama, na jambo la kwanza Ingabire alilofanya lilikuwa kucheka Kiswahili chake.

Nyumbani walisema Kinyarwanda kama watu wote. Lakini wakitaniana, au wakigombana kidogo, waliingia kwenye Kiswahili, kila mtu na chake.

"Samaki iko muzuri leo," Onésphore angesema.

"Samaki yuko mzuri," Ingabire angejibu bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi.

"Ni nini nilisema?"

"Umemsema kama meza."

Samaki wenyewe walikuwa wawili, wadogo, rangi ya chungwa, na mistari mitatu myeupe mwilini. Aina ambayo muuzaji wao wa Kigali, bwana Mbarushimana, aliiita klauni. Walifika kwa basi mwezi wa Oktoba ndani ya mfuko wa plastiki, kila mmoja si mkubwa kuliko kucha ya kidole gumba. Ingabire aliwapa majina ya kwao. Aliyekuwa mkubwa kidogo akawa Tanga, mdogo akawa Pangani.

"Wakiwa watoto hivi bado si dume wala jike," alimweleza mumewe. "Anayewahi kukua ndiye atakuwa jike, mwenye nyumba. Wa pili anabaki dume."

"Na wa pili akikataa?"

"Anafukuzwa huku na huku mpaka akubali. Tazama."

Tanga alimkaribia mwenzake kwa kasi, na Pangani akalala ubavu, akatetemeka mwili mzima kama mtu aliyeshikwa na baridi. Tanga akageuka, akaenda zake.

"Ndiyo hiyo. Amesema, 'Sawa, wewe mkubwa.' Basi wanaishi vizuri."

"Bon. Na hapa kwetu, ni nani Tanga?"

Ingabire, ambaye alimzidi mumewe urefu kwa vidole vinne, alimtazama kutoka juu mpaka chini, na wote wawili wakacheka.

Walikuwa na miaka minne ya ndoa. Mtoto hawakuwa bado wamempata, jambo ambalo majirani waliliulizia kuliko wao wenyewe. Mkataba wa Bulawayo ulikuwa wa mwaka mmoja, Januari mpaka Desemba. Mwaka mmoja si kitu, walisema.

Miezi ya kwanza walipigiana simu kila siku saa moja jioni, wakiangaliana. Ingabire alieleza kuhusu darasa lake, uji wa huko, jinsi miti ya jacaranda ilivyopangwa barabarani. Onésphore alieleza kuhusu mpaka, ambako kazi yake ilikuwa kuwaandalia wenye malori hati za forodha. Kisha habari zikaanza kwisha. Mpaka ni uleule, darasa ni lilelile. Ingabire alikuwa amechoka, Onésphore alikuwa amechoka. Kikabaki kitu kimoja ambacho kila siku kilikuwa na jipya.

"Nioneshe wanangu," Ingabire angesema, na Onésphore angeielekeza simu kwenye tangi, na kwa dakika kumi wangetazama samaki pamoja, yeye akisikia pumzi ya mkewe kwenye spika. Kisha walitakiana usiku mwema.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Alikula amesimama jikoni ili asilazimike kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja. Aliacha redio ikisema. Siku nyingine Donatille, jirani mjane aliyekuwa akikaanga sambaza, vidagaa vya ziwani, mbele ya lango lake, alimletea sahani, akasimama mbele ya tangi na kutikisa kichwa.

"We Onésphore. Hii samaki haiko ya kula?"

"Ni ya kuangalia, mama."

"Ya kuangalia." Donatille alifikiri. "Na ukimaliza kuiangalia?"

Onésphore alicheka, akapokea sahani.

Mwishoni mwa Machi, siku ya kuzaliwa ya Ingabire ilipokaribia, Onésphore alipata wazo. Alimpigia Mbarushimana na kuagiza samaki wa tatu, mdogo, wa buluu inayong'aa, anayeweza kukaa na klauni. Alitaka jioni ya siku hiyo Ingabire aseme "Nioneshe wanangu," na pale katikati ya wawili atokee wa tatu.

Karatasi ukutani, mstari wa nne, ilisema: *Samaki mgeni akae peke yake kwenye beseni wiki nne kabla ya kuingia kwa wenzake.* Alikuwa ameusoma mstari huo kila siku kwa miezi mitatu. Lakini siku ya kuzaliwa ilikuwa kesho yake. Aliuacha mfuko uelee ndani ya tangi kwa muda, maji yapate joto sawa, kisha akamfungua mgeni.

Ingabire alipiga kelele za furaha, akawaita walimu wenzake waje waone. Mengine Onésphore aliyasahau, lakini sauti ile aliikumbuka.

Baada ya wiki moja Pangani aliacha kula.

Mwanzo ilikuwa hivyo tu: chembe za chakula zilipita mbele ya mdomo wake, naye akazitazama zikipita. Kesho yake alisimama karibu na uso wa maji, pale pampu inapotoa mapovu, akihema haraka. Ngozi yake ilikuwa imepata ukungu, kama kitambaa cheupe chembamba kimemvaa, na kwenye ubavu kilianza kuchanika.

Onésphore alimtumia Mbarushimana video, kisha akampigia.

"Ni ugonjwa wa ngozi," Mbarushimana alisema. "Vijidudu. Klauni wadogo hushikwa sana, na hufa haraka. Yule wa buluu ulimtenga kwanza?"

Onésphore aliutazama mstari wa nne ukutani.

"Basi. Sikiliza. Dawa ninayo, nitaitia kwenye basi la kesho asubuhi. Leo mwogeshe kwenye maji yasiyo na chumvi, ya joto lilelile, dakika chache tu. Yatamwangushia baadhi ya vijidudu. Ukiona analala ubavu kabisa, mrudishe. Na wote watoke kwenye tangi hilo."

Aliandaa bakuli. Alipima joto la maji mara tatu. Alimchota Pangani kwa kikombe, si kwa wavu, maana Mbarushimana alisema wavu utamchubua, na akamwachia polepole. Samaki alishtuka, akazunguka, kisha akatulia. Onésphore alihesabu dakika kwa sauti. Vipande vya ule ukungu vilimtoka, vikaelea. Kwenye dakika ya nne Pangani akalala ubavu, na Onésphore akamrudisha haraka, safari hii kwenye beseni la maji ya chumvi.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini, akaenda gare, kituo cha mabasi, kulingoja basi la Kigali. Lilichelewa, kulikuwa na maporomoko kidogo njiani. Alipofika nyumbani na chupa ya dawa, Pangani alikuwa amekufa ndani ya beseni, na rangi yake ilikuwa imeshapauka. Yule wa buluu alikufa jioni.

Tanga alipona. Kwa siku nyingi Onésphore alimwogesha kwenye dawa kama alivyoelekezwa, akimrudisha kila mara kwenye beseni safi lenye pampu yake. Tangi kubwa lilibaki bila samaki kwa wiki sita, maji yakizunguka, ili vijidudu vikose pa kuishi. Samaki mmoja alikuwa jikoni kwenye beseni, sebuleni mwanga uliangazia mawe, na kila siku saa moja jioni simu ilikuwa ikiita.

Siku ya kwanza alisema mtandao ni mbaya, picha haitapita. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Ingabire alisema, "Basi nitumie video tu, nitaitazama baadaye," na Onésphore akatafuta kwenye simu yake video ya mwezi Machi. Wawili wakiogelea. Akaituma.

Hakukusudia kuendelea. Lakini jibu la Ingabire lilikuwa na mioyo mitano, na kesho yake ilikuwa vigumu zaidi kusema kuliko jana. Video za Machi zilikuwa kumi na tisa. Alizituma moja moja, akiziacha za mwaka uliopita, ambazo mkono wa Ingabire ulionekana ukitia chakula. Alipofikia nusu yake, alimpigia Mbarushimana na kuagiza Pangani mwingine.

"Nitakupa mdogo kabisa," Mbarushimana alisema. "Wako amekaa peke yake, amezoea kuwa mkubwa. Ukimletea wa kimo cha karibu watagombana, kila mmoja atataka kuwa jike."

"Hapana. Nataka wa kimo cha yule aliyekufa."

"Kwa nini?"

"Nataka hivyo tu."

Safari hii alifuata karatasi. Mgeni alikaa peke yake kwenye beseni wiki nne nzima, akila vizuri, ngozi safi. Kisha, mwanzoni mwa Juni, Onésphore aliwatia wote wawili kwenye tangi.

Hawakumaliza dakika tano. Tanga alimrukia mgeni, na mgeni hakutetemeka. Alimrukia naye. Walishikana midomo, wakazungushana, mchanga ukatifuka. Jioni pezi la mgeni lilikuwa limechanika na amejibana nyuma ya bomba la pampu, na kila alipotoa kichwa Tanga alikuwa pale.

"Nilikwambia," Mbarushimana alisema kwenye simu. Hakusema kwa ukali. "Sasa usimfungie mgeni. Mfungie mwenyeji. Tafuta kopo la plastiki linaloonyesha ndani, litoboe matundu, mtie yule mkorofi humo, ulining'inize ndani ya tangi. Mgeni atembee, apazoee. Watazamane hivyo siku kadhaa."

Alitoboa matundu kwa msumari aliouchoma moto jikoni. Kwa siku sita Tanga alikaa ndani ya kopo, akimtazama mwenzake akizungukia mawe yake. Onésphore alirudi kutoka mpakani, akavuta kiti, akakaa. Pezi la mgeni lilianza kuziba. Siku ya nne usiku ulipoanza kuingia, mgeni aliacha kona yake, akaja kulala chini ya kopo, karibu kabisa na yule aliyemng'ata, na Onésphore alijikuta anafuta macho bila kujua alianza saa ngapi.

Siku ya saba alimfungulia Tanga. Tanga alitoka kwa kasi ileile. Mgeni akalala ubavu na kutetemeka, mara moja, mara mbili. Tanga akamzunguka. Akamgusa kwa mdomo. Kisha wakaenda pamoja kwenye kigae cha chungu alichokiweka Ingabire zamani, wakakaa hapo, mmoja juu ya mwingine kidogo.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, simu ilipoita Onésphore aliielekeza kwenye tangi bila kuombwa.

"Hao," alisema. "Mutandao leo iko muzuri."

Ingabire hakumrekebisha. Alitazama kwa muda mrefu.

"Sogeza," alisema. "Karibu na kioo."

Akasogeza.

"Huyu si Pangani."

Onésphore alisikia pampu, na redio ya Donatille ng'ambo ya ukuta.

"Mstari wa katikati wa Pangani ulikatika upande wa kushoto," Ingabire alisema. "Haukufika tumboni. Huyu wake umefika. Pangani yuko wapi?"

"Ilikufa."

Alingoja Ingabire amrekebishe: *alikufa*.

"Lini?"

"Mwezi wa ine. Yule wa buluu alileta ugonjwa. Mi sikumutenga. Nilitaka umuone siku yako ya kuzaliwa."

"Mwezi wa nne. Na sasa ni Juni."

"Najua."

"Onésphore, zile video. Kalenda ukutani nyuma ya tangi ilikuwa ya Machi katika zote. Nilidhani umesahau tu kuifunua, na yule wa buluu anajificha. Baadaye nikaona hata pazia ni lile ulilosema umeshalibadilisha. Nikafikiri huyu mtu hakai nyumbani. Amehama, ameacha funguo kwa mtu, anatuma video za zamani ili nisijue." Sauti yake ilikatika kidogo. "Wiki ngapi nimekaa na hilo peke yangu hapa? Na kumbe ni samaki."

"Kwa nini haukuniuliza?"

Onésphore aligeuza simu ili amwone uso. Alikuwa ameketi kitandani, na miwani ameivua.

"Kwa sababu ningekuuliza ungeniuliza na wewe," alisema. "Wameniomba nibaki miaka miwili mingine. Nimetia sahihi. Wiki ya tatu sasa."

Onésphore aliitika, "Donc umesaini," kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kazini, ya kuuliza kama lori limevuka. Ingabire akasema ndiyo. Akasema alidhani hakuna tena anayemngoja. Akasema pia, na hili alilisema polepole, kwamba hata kabla ya kudhani hivyo alitaka kubaki, maana huko wanafunzi husimama akiingia darasani, na hakujua kama hilo ni dhambi.

"Si zambi," Onésphore alisema.

"Umekasirika."

"Sijajua bado."

Hawakupigiana simu kwa siku kumi na moja. Kila jioni saa moja alikaa kwenye kiti kile na simu juu ya goti. Aliwalisha samaki, alibadilisha maji Jumamosi. Jumapili alipanda basi dogo mpaka Kanzenze kwa mama yake, akamsaidia kupalilia viazi. Mama alimuuliza habari za Ingabire, naye akajibu ni nzuri. Siku ya kumi na mbili yeye ndiye aliyepiga. Alisema amekasirika, sasa amejua. Ingabire alisema, "Asante kwa kuniambia." Waliongea saa nzima na hawakuwatazama samaki.

Ingabire alikuja Desemba, wiki tatu. Siku ya kwanza waliogopana kama wageni. Aliweka sanduku mlangoni na kuuliza kama anaweza kutumia bafu. Kisha akaketi mbele ya tangi, miguu chini yake, nguo za safari bado mwilini. Tanga alikuwa amejaa sasa, mara moja na nusu ya mwenzake, na yule mwenzake alimfuata popote.

"Wamekubaliana," Ingabire alisema.

"Mbarushimana anasema bado ni wadogo. Labda baada ya mwaka ao miaka mbili watataga."

"Huyu anaitwaje?"

"Sijamuita bado. Niliogopa."

"Mwite wewe."

Alifikiri. "Rubona," alisema, na Ingabire akacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, maana sambaza wa Donatille walitoka kwa wavuvi wa Rubona.

Siku nyingine zilizobaki zilikuwa nzuri, nyingine hazikuwa. Ingabire alimwambia, "Njoo nawe Bulawayo," na Onésphore akauliza, "Na mama?" Akamwambia, "Basi niambie nisirudi," naye hakuweza, maana alikuwa amemwona uso akieleza habari za darasa lake. Usiku walilala wamekumbatiana, na asubuhi kila mmoja aliamka mapema na kujifanya bado amelala.

Januari Onésphore alimsindikiza gare. Ingabire alipanda, akapata kiti cha dirishani, wakashikana mikono dirishani mpaka dereva alipowasha gari. Onésphore alitembea kurudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ndefu ya kando ya ziwa, kwa kuwa hakuwa na haraka ya kufika.

Jioni simu iliita saa tatu badala ya saa moja. Ingabire alikuwa uwanja wa ndege Kigali, akingoja kuitwa.

"Uko wapi?" aliuliza. "Sioni kitu, kuna giza."

Zamani Onésphore angesema umeme umekatika.

"Niko jikoni," Onésphore alisema. "Sikuwasha taa. Nimelia kidogo."

Ingabire hakusema pole. Alisogeza simu karibu na uso, watu wenye masanduku wakipita nyuma yake, akabaki hapo naye mpaka ndege yake ilipotangazwa.